Kiima, Kiarifu na Chimbuko la Mantiki ya Kisasa

Utangulizi

Kila mwalimu wa Kiswahili amepata kusimama mbele ya darasa, akaandika sentensi ubaoni, kisha akaikata kwa mstari mmoja wima: kushoto kiima, kulia kiarifu. Nami nimefanya hivyo kwa karibu miaka ishirini. Katika muda huo wote sikujiuliza hata mara moja ni nani aliyeupiga mstari huo kwanza, wala ni kwa sababu gani. Niliuona kuwa ni sehemu ya lugha yenyewe, kama zilivyo silabi na ngeli.

Makala haya ni uhakiki wa kitabu kidogo kilichothubutu kuufuta mstari huo. Jina lake ni Begriffsschrift, ambalo kwa Kiswahili twaweza kulifasiri kuwa Maandishi ya Dhana. Kilitolewa mwaka 1879 katika mji wa Halle, Ujerumani, nacho hakifiki kurasa mia moja. Mwandishi wake, Gottlob Frege, alizaliwa mwaka 1848 katika mji wa Wismar, na wakati huo alikuwa akifundisha hisabati katika Chuo Kikuu cha Jena. Wataalamu wengi hukubaliana kwamba mantiki ya kisasa ilianza na kitabu hicho.

Walimu wa lugha aghalabu huipisha mantiki hiyo wakidhani kwamba ni mali ya wanahisabati. Dhana hiyo si sahihi. Alama zake ni za kihisabati, lakini mizizi yake imo katika falsafa, na mzizi mkuu ni swali ambalo sisi hulijibu kila siku darasani bila kulitambua: je, umbo la sentensi ndilo umbo la wazo linaloelezwa na sentensi hiyo? Nitajaribu kuonyesha kwamba Frege alilijibu swali hilo kwa ushupavu, kwamba jibu lake lina upungufu wake, na kwamba linatuhusu sisi tunaofundisha Kiswahili kuliko tunavyofikiri.

Tangazo la karo

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule niliyokuwa nikifundisha, mkuu wa shule aliniagiza niandike tangazo kwa Kiswahili kuhusu malipo ya muhula. Nikaandika: "Wanafunzi wote wa kidato cha pili hawajalipa karo. Warudi nyumbani hadi watakapolipa." Nilikusudia kusema kwamba si wote waliolipa, na kwamba wenye deni ndio warudi. Bawabu aliyasoma maneno kama yalivyoandikwa, akawafungia lango wote.

Alasiri mzee mmoja alifika kwa miguu, ameshika stakabadhi mkononi, na binti yake yuko nyuma yake. "Mwalimu," akaniambia, "nimeuza mbuzi wawili ili karatasi hii ipatikane. Sasa Kiswahili chako kinasema sikulipa." Sikuwa na la kujibu. Nilimwomba radhi, nikaenda kulibandua tangazo.

Usiku ule niliichanganua sentensi yangu kama ninavyowafundisha wanafunzi. Kiima: wanafunzi wote wa kidato cha pili. Kiarifu: hawajalipa karo. Upatanisho sawa, njeo sawa, ukanushi sawa. Kwa mujibu wa sarufi ninayoifundisha, sentensi ile haikuwa na kasoro yoyote. Na hali imewarudisha nyumbani watoto wasio na hatia. Mstari wangu wa kiima na kiarifu ulikuwa hauwezi hata kunionyesha mahali kosa lilipokuwa.

Nilikumbuka pia jambo jingine. Nilipokuwa mwanachuo, mkufunzi wetu mmoja alitueleza kwamba lugha za Kiafrika zafaa kwa hadithi na methali, lakini haziwezi kubeba hoja kali kwa kuwa hazina mantiki. Siku ile ya stakabadhi nusura niyaamini maneno yake. Ni katika kutafuta jibu ndipo nilipokutana na Frege.

Mstari ulikotoka

Mstari huo una historia ndefu. Mwanzilishi wa mantiki kama elimu yenye kanuni ni Mgiriki Aristotle, aliyeishi tangu mwaka 384 hadi 322 K.K. Yeye alishikilia kwamba kila kauli inayoweza kuwa kweli au uwongo husema jambo fulani juu ya jambo fulani. Kutokana na msingi huo alitunga aina za hoja ambazo wanafunzi wa falsafa wangali wanazisoma: kila binadamu hufa, Wagiriki wote ni binadamu, kwa hiyo Wagiriki wote hufa. Ubora wa uvumbuzi huu haukadiriki. Aristotle alionyesha kwamba hoja yaweza kuwa sahihi kwa umbo lake tu: badala ya Wagiriki tia Waganda, badala ya kufa tia kula, nayo hoja itasimama vile vile.

Elimu hiyo ilipokelewa na wanazuoni wa Kiarabu, na kwao ndiko tulikolipata neno mantiki, ambalo mzizi wake una maana ya kutamka. Hata jina lenyewe, basi, limebeba shaka tunayoizungumza: je, mantiki ni elimu ya fikra au ni elimu ya matamshi? Katika miaka ya 930 palitokea mjini Baghdad mjadala juu ya suala hilo hilo mbele ya waziri Ibn al-Furat. Upande mmoja alikuwapo Matta ibn Yunus, mfasiri wa vitabu vya Aristotle. Upande wa pili mwanasarufi Abu Said al-Sirafi. Habari zake zilihifadhiwa na mwandishi Abu Hayyan al-Tawhidi. Matta alidai kwamba mantiki ni mizani ya kutenganisha kauli sahihi na kauli mbovu, na kwamba maana ni moja kwa mataifa yote, kama vile nne na nne zilivyo nane kwa kila mtu. Al-Sirafi akamjibu kwamba si mambo yote yaliyo wazi kama hesabu hiyo, na kwamba mantiki ile ilitungwa na Mgiriki juu ya lugha ya Kigiriki. Kwa nini basi Mturuki, Mhindi, Mwajemi au Mwarabu alazimike kuitii? Anayetaka kusema sawasawa na ajifunze sarufi ya lugha anayoisema.

Masimulizi yaliyotufikia yanampa ushindi al-Sirafi. Wanafalsafa wa baadaye, miongoni mwao al-Farabi, walijitahidi kuitenga kazi ya mantiki na kazi ya sarufi. Hata hivyo umbo la kiima na kiarifu walilibakiza. Vivyo hivyo Ulaya. Istilahi hizo za mantiki ziliingia katika sarufi za Kilatini, zikatoka humo zikaingia katika sarufi za lugha nyingine za Ulaya. Na wamisionari walioandika sarufi za kwanza za Kiswahili katika karne ya 19, kama Ludwig Krapf mwaka 1850, walilelewa katika sarufi hizo. Kwa njia hiyo ndefu ndivyo mstari ulivyofika ubaoni kwetu.

Mwaka 1787 Immanuel Kant, katika dibaji ya toleo la pili la kitabu chake kikuu, aliona kwamba tangu Aristotle mantiki haikulazimika kurudi nyuma wala haikuweza kusonga mbele, na kwamba kwa dalili zote ilikuwa imekamilika. Hata mwanafalsafa mkubwa hukosea. Karne moja kabla yake, Mjerumani mwenziwe Gottfried Leibniz, aliyefariki mwaka 1716, alikwisha kuota lugha ya alama ambayo ndani yake wenye kubishana wangekaa chini na kukokotoa badala ya kupigizana kelele. Katika karne ya 19 Mwingereza George Boole, aliyekuwa profesa mjini Cork, alitoa vitabu viwili, mwaka 1847 na mwaka 1854, akionyesha jinsi hoja za Aristotle zinavyoweza kukokotolewa kama aljebra. Hapo mantiki ilipata alama, lakini mstari wa kiima na kiarifu haukuguswa.

Nyufa nazo zilikwisha kuonekana. Augustus De Morgan, aliyekuwa akifundisha London, alionyesha kwamba ziko hoja nyepesi ambazo mantiki ya kale haiwezi kuzieleza. Mfano wa namna hiyo ni huu: kila ng'ombe ni mnyama, kwa hiyo kila kichwa cha ng'ombe ni kichwa cha mnyama. Mtoto wa machungani anaijua hoja hii kuwa ni kweli tupu. Lakini tukiikata kwa mstari wetu, kiima cha sentensi ya pili ni "kila kichwa cha ng'ombe", nacho hakimo popote katika sentensi ya kwanza. Umbo la kiima na kiarifu halioni kilichomo ndani ya kiima.

Maudhui ya kitabu

Frege hakuanza na lugha. Alianza na swali la kifalsafa juu ya hesabu: je, kweli za namba zasimama juu ya sheria za fikra peke yake, au zinahitaji kitu kingine, kama alivyofundisha Kant? Ili kulijibu, ilimpasa aandike uthibitisho usio na pengo hata dogo ambamo dhana isiyotajwa ingeweza kupenyeza. Alipojaribu kufanya hivyo kwa lugha ya kawaida alikwama. Katika dibaji anaifananisha lugha ya kawaida na jicho, na maandishi yake na darubini ya kuonea vitu vidogo. Jicho ni bora kwa matumizi mengi; lakini kwa kazi fulani halitoshi. Mfano huu ni wa haki, kwani hailaumu lugha kwa kutokuwa kile ambacho haikuumbwa kuwa.

Hatua yake ya kwanza ndiyo inayotugusa sisi. Mapema kabisa katika kitabu anatangaza kwamba katika maandishi yake hakuna tofauti ya kiima na kiarifu. Hoja yake yaeleweka na mwalimu yeyote aliyepata kufundisha kauli za vitenzi. Tuseme: Wagiriki waliwashinda Waajemi huko Plataea. Kisha tuseme: Waajemi walishindwa na Wagiriki huko Plataea. Kiima kimebadilika. Lakini lolote linalofuata kutokana na sentensi ya kwanza, pamoja na maarifa mengine, linafuata pia kutokana na ya pili. Kwa hiyo kile chenye thamani katika hoja hakikubadilika. Kutenda na kutendwa ni mavazi mawili ya wazo moja.

Badala ya kiima na kiarifu, Frege aliiona kauli kama umbo lenye pengo moja au zaidi pamoja na vitu vinavyoyajaza mapengo hayo. Pengo moja: "fulani ni ndege." Mapengo mawili: "fulani alimshinda fulani." Fikra hii aliiazima kwa wanahisabati, ambao huandika herufi ya kushika nafasi ya namba yoyote. Kwa hatua hii peke yake, uhusiano baina ya vitu viwili, ambao Aristotle aliubana ndani ya kiarifu, ulipata nafasi yake.

Hatua ya pili ndiyo kubwa zaidi, nayo inahusu maneno kama kila, wote, baadhi na hakuna. Nichukue methali yetu: Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Sarufi yasema kiima ni "kila ndege". Lakini ni ndege gani huyo? Si njiwa, si kunguru, si mwewe; methali haimtaji ndege yeyote. Na "wake" ni ubawa wa nani? Frege angeifasiri hivi: chukua kitu chochote upendacho, kitu hicho kikiwa ni ndege, basi kitu hicho huruka kwa ubawa wa kitu hicho hicho. Neno "kila" si sehemu ya jina la ndege. Ni amri inayotawala sentensi nzima, na "wake" ni herufi iliyoshika nafasi chini ya amri hiyo. Katika methali tuliyoisoma tangu utotoni lilikuwamo jambo ambalo mantiki ya Ulaya ilikosa njia ya kuliandika hadi mwaka 1879.

Tukishaona kwamba "kila" hutawala, swali linalofuata ni: hutawala kutoka wapi hadi wapi? Kila mto una chanzo. Lakini haifuati kwamba kipo chanzo kimoja cha mito yote. Katika sentensi ya kwanza "kila" kimetangulia na "kipo" kimefuata. Katika ya pili mpangilio umegeuzwa. Wako wanafalsafa ambao wametoka katika dai kwamba kila kitu kina sababu wakaingia katika dai kwamba iko sababu moja ya vitu vyote, wasione mto waliouruka. Pengine dai la pili ni kweli. Lakini halithibitishwi na la kwanza.

Sasa narudi kwenye tangazo langu. Kwa macho ya Frege lina maana mbili. Ya kwanza: kwa kila mwanafunzi, yeye hajalipa. Ya pili: si kweli kwamba kila mwanafunzi amelipa. Katika ya kwanza ukanushi umo chini ya "kila". Katika ya pili "kila" kimo chini ya ukanushi. Katika maandishi ya Frege tofauti hii huonekana kwa jicho: kijimstari kifupi cha ukanushi huwekwa mbele au nyuma ya kishimo chenye herufi, na mahali pake ndipo penye maana. Kosa langu halikuwa la upatanisho wala la njeo. Lilikuwa la utawala: sikuonyesha kipi kinamtawala mwenzake.

Fani

Kwa upande wa fani kitabu hiki kina matatizo. Frege haandiki alama zake katika mstari mmoja. Masharti huwekwa chini na matokeo huwekwa juu, yakiunganishwa kwa mistari ya ulalo na ya wima, hata ukurasa mzima ukafanana na matawi ya mti uliolala ubavu. Wenziwe hawakumwelewa. Mwaka 1880 Ernst Schröder, mfuasi wa njia ya Boole, alikihakiki kitabu kwa ukali na kuyakejeli maandishi hayo kuwa ni mtindo wa Kijapani wa kuandika kwenda chini. John Venn wa Uingereza naye hakuona jipya la maana. Alama tunazozikuta leo katika vitabu vya mantiki zinafuata zaidi njia ya Giuseppe Peano wa Italia na ya Waingereza Alfred North Whitehead na Bertrand Russell, waliotoa juzuu tatu za Principia Mathematica tangu mwaka 1910 hadi 1913.

Mhakiki wa leo aepuke haraka ya wahakiki wale. Waliihukumu fani wakasahau kuuliza fani hiyo imebeba nini. Ni kosa ambalo nasi hulifanya tunapolipa alama ndogo shairi la mwanafunzi kwa sababu ya mizani pungufu, pasipo kusoma alichokisema.

Kasoro

Hata hivyo kitabu chenyewe si kikamilifu, na mwalimu wa lugha anao wajibu wa kusema wazi pale kinapomdhulumu msemaji.

Kwanza, Frege anayaweka kando yote yanayohusu uhusiano wa msemaji na msikilizaji, kwa sababu hayabadilishi hoja. Kwa shabaha yake ana haki. Lakini msomaji asidhani kwamba kilichowekwa kando ni takataka. Nikisema "Waajemi walishindwa", nimekuarifu kwamba mazungumzo yetu ni juu ya Waajemi. Nikisema "Mariamu amekisoma kitabu", ile -ki- yadokeza kwamba mimi nawe tunakijua kitabu hicho. Nikisema "Mariamu amesoma kitabu", huenda ni kitabu chochote. Kiima kina kazi yake halali, nayo ni kuonyesha mada ya usemi. Kosa la kale halikuwa kukitambua kiima. Lilikuwa kudhani kwamba kazi yake ni kuonyesha umbo la hoja.

Pili, tumaini kubwa la Frege lilivunjika. Alitaka kuijenga hesabu yote juu ya mantiki, na mwaka 1893 alitoa juzuu ya kwanza ya kazi hiyo. Mwezi Juni mwaka 1902, juzuu ya pili ikielekea mtamboni, Russell alimwandikia barua kumwonyesha ukinzani. Mfano mwepesi wenye sura ya ukinzani huo ni huu. Fikiri orodha ya orodha zote zisizojitaja zenyewe. Je, orodha hiyo inajitaja? Ikijitaja, haistahili kuwamo; isipojitaja, yastahili kuwamo. Kanuni moja ya Frege ilikuwa ikiruhusu mkusanyiko wa namna hiyo. Juzuu ya pili ilipotoka mwaka 1903, Frege alitia kiambatisho akalikiri tatizo hadharani. Ni waandishi wachache ambao wangechapisha kuanguka kwa kazi ya maisha yao pamoja na kazi yenyewe.

Tatu, ndoto ya Leibniz kwamba hesabu ya hoja itakomesha ugomvi haikutimia hata ndani ya moyo wa aliyeikaribia zaidi. Shajara aliyoiandika Frege mwaka 1924, mwaka mmoja kabla ya kufa, ina maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi. Mantiki huchunguza kama hitimisho linatokana na madai. Haimzuii mtu kuanza na madai maovu. Tusiwaahidi wanafunzi wetu zaidi ya hapo.

Je, kila kabila lina mantiki yake?

Sasa niyakabili maneno ya mkufunzi wangu. Hakuyabuni yeye. Mwaka 1910 Mfaransa Lucien Lévy-Bruhl alitoa kitabu akidai kwamba watu aliowaita wa jamii za chini wana fikra zisizofikia mantiki. Katika madaftari yake ya mwisho, yaliyochapishwa mwaka 1949 baada ya kifo chake, aliliacha dai hilo. Lakini neno likishatoka halirudi, nalo lilisambaa mashuleni na vyuoni.

Frege hakuandika lolote juu ya Afrika. Hata hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1884 juu ya misingi ya hesabu alitoa kanuni inayolikata dai hilo mizizini. Alisisitiza kwamba lazima tutenganishe jinsi watu wanavyofikiri na yale yaliyo kweli. Sheria za mantiki hazielezi mazoea ya akili ya Mjerumani, wala ya Mganda. Ndizo sheria za kupima kama hoja inasimama, nani awaye aliyeitoa. Kwa hiyo hakuna mantiki ya Kizungu ambayo Mwafrika anaikosa, kama ambavyo hakuna kipimo cha kilo cha Kizungu. Wako watu wanaopima vizuri na wako wanaopima vibaya, kila mahali.

Karibu nasi, Padre Alexis Kagame wa Rwanda (1912–1981) alijibu dharau ile kwa njia nyingine. Katika kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu ya Rwanda, kilichotolewa mwaka 1956, alizichunguza ngeli za Kinyarwanda akapata makundi makuu manne ya viumbe na mambo: umuntu, mwenye akili, ikintu, kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, na ukuntu, namna. Msomaji wa Kiswahili atautambua mara moja mzizi ulio katika mtu na kitu. Kagame aliyaweka makundi haya sambamba na yale ya Aristotle, wala hakudai kwamba sheria za hoja ni tofauti kwa kila kabila. Kazi yake yastahili heshima kubwa: alizichukua lugha zetu kwa uzito ambao wageni waliunyima.

Lakini heshima si kunyamaza. Njia ya Kagame ndiyo ile ile ya Aristotle, yaani kusoma umbo la ulimwengu katika umbo la sarufi; na kama Frege yuko sawa, njia hiyo ina hatari. Tazama Kiswahili chenyewe. Kipofu, kiziwi na kijana wana kiambishi cha vitu. Tukitoa falsafa katika kiambishi hicho, tutasema Waswahili huwahesabu kuwa vitu. Lakini lugha hiyo hiyo husema "kipofu anakuja", "vijana wanacheza", ikiwarudishia utu wao katika upatanisho. Ngeli zina historia yake, na si kila kilichomo ndani yake ni itikadi ya wasemaji.

Kwa mwalimu darasani

Je, tuufute mstari ubaoni? La. Tuubakize, kwa kuwa unafundisha upatanisho na mada. Lakini tuongeze swali moja kila tunapokuta kila, wote, baadhi, si au hakuna: neno hili linatawala kutoka wapi hadi wapi? Nimekuwa nikiandika ubaoni sentensi tatu: Wanafunzi wote hawajalipa. Si wanafunzi wote waliolipa. Hakuna mwanafunzi aliyelipa. Kisha nauliza: kama Asha amelipa na Okello hajalipa, sentensi ipi ni kweli? Juu ya ya pili na ya tatu darasa zima hukubaliana upesi. Juu ya ya kwanza hubishana hadi kengele ikalia, na mabishano hayo ndiyo somo lenyewe.

Zoezi hilo lilinipa jibu nililokuwa nikilitafuta. Kiswahili hakikukosa mantiki siku ile. Kilikuwa na sentensi mbili safi zisizo na utata, zilizojulikana na wanafunzi wangu wa kidato cha pili, nami nikachagua ile yenye utata. Kasoro ilikuwa yangu, kwa sababu sikufundishwa kuiona, nami sikuwafundisha wengine. Tangazo la pili, nililoliandika asubuhi iliyofuata, lilisema: "Wanafunzi wa kidato cha pili ambao hawajalipa karo ndio warudi nyumbani. Waliolipa waje na stakabadhi zao." Binti wa yule mzee alikuwa wa kwanza langoni.

Hitimisho

Kitabu cha Frege kilizaliwa katika swali la kifalsafa, kikavikwa alama za hisabati, kikadharauliwa kwa sababu ya fani yake, na hatimaye kikabadilisha elimu nzima. Kwetu sisi thamani yake ni kwamba kinatutenganishia mambo mawili tuliyoyachanganya: jinsi sentensi ilivyojengwa, na kile ambacho sentensi inatuwajibisha kukikubali. Al-Sirafi alikuwa na haki kudai kwamba kila lugha ina sarufi yake. Matta alikuwa na haki kudai kwamba hoja mbovu ni mbovu kwa lugha yoyote. Mwalimu wa lugha anawahitaji wote wawili.

Nawaomba walimu wenzangu wazijaribu zile sentensi tatu katika madarasa yao, hasa pale ambapo Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu ya wanafunzi, na waliangalie kila tangazo kabla halijabandikwa. Atakayeona kwamba nimemwonea Frege, au nimemwonea Padre Kagame, na aandike katika kurasa hizi hizi, akionyesha ni hatua ipi ya hoja yangu isiyosimama.